Madawa Yaliyozikwa na Maji ya Visima Vyetu

(Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, Kidugala. Yamepigwa chapa kwa ombi la wajumbe wenyewe, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa.)



Kazi yangu ni maji na visima, si hesabu wala masoko, kwa hiyo nitasema juu ya lile ninalolijua.

Chama Kikuu kimepokea barua kutoka vyama kadhaa zikiuliza jambo moja kwa maneno mbalimbali. Ghala lina madebe na mifuko ya madawa ya mimea ambayo muda wake umekwisha. Mkaguzi ameandika katika taarifa yake kwamba yaondolewe. Mbolea ya msimu yakaribia kufika na nafasi hakuna. Je, chama chaweza kuchimba shimo refu nyuma ya ghala, kuyafukia madawa hayo, kumwaga chokaa juu yake, kisha kuyafuta vitabuni? Katibu mmoja ameandika kwa ufasaha kwamba ardhi imekwisha kumeza mengi na haijapata kulalamika.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiwepo wa kulingojea: hapana. Lakini katazo lisilo na sababu huheshimiwa mpaka mgeni apande gari lake, na baada ya hapo jembe hufanya kazi usiku. Ndiyo maana nataka tushuke pamoja chini ya ardhi, tuone kinachotokea huko baada ya shimo kufukiwa na majani kuota juu yake.

Kwanza yatupasa tufahamu madawa haya yalifikaje mikononi mwetu, maana wako wanaodhani kwamba ni uzembe wa katibu aliyepo. Katika ghala nyingi si kweli. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa, na kazi zake zikakabidhiwa mamlaka za mazao na vijiji. Ushirika ukarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika miaka ya 1990 biashara ya pembejeo ikafunguliwa kwa watu binafsi. Katika makabidhiano ya namna hiyo, gari hupata mwenyewe haraka, na mizani hali kadhalika. Lakini pipa la dawa lililopoteza lebo halina wa kuligombea. Hubaki pembeni, likapata kutu, na kila katibu mpya hulirithi kama alivyorithi paa linalovuja. Wazee waliopo hapa watakumbuka lile vumbi la DDT lililotiwa kwa vidole katika moyo wa mhindi ili kuzuia funza wa mabua. Siku hizi yameongezeka madawa ya ukungu wa viazi, madawa ya mahindi ya ghalani, mrututu, na madawa ya miti ya parachichi. Madawa hayo hayafanani tabia, na tutaona kwamba kutofanana huko ndiko kunakotudanganya.

Sasa tushuke. Mtu akichimba kisima katika sehemu zetu hizi, kati ya Makambako na Njombe, hukutana kwanza na udongo mwekundu, mzito, wenye mfinyanzi mwingi. Akiendelea hukuta udongo wa rangirangi, laini, wenye chengachenga zinazong'aa: huo ni mwamba wa zamani uliooza pale pale ulipolala. Chini yake kuna mwamba uliovunjikavunjika, na mwisho jiwe zima. Maji yetu ya ardhini hukaa zaidi katika mwamba uliooza na katika nyufa za ule uliovunjika. Hakuna ziwa huko chini, wala mto upitao katika pango, ingawa watu wengi hufikiri hivyo. Maji yamo katika vitundu vidogo baina ya chembe na chembe, kama yalivyo katika mchanga uliolowa, nayo hutembea polepole kufuata mteremko. Mvua ya vilimani hunywea ardhini kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Maji yale huteremka kwa siri, kisha hutokeza mabondeni, yakafanya chemchemi na kuyaweka mabonde katika unyevu wakati wa kiangazi. Hicho ndicho chanzo cha vinyungu vyetu. Mama anayelima kabichi na maharage katika kinyungu mwezi wa Agosti anatumia mvua ya miezi mingi iliyopita, iliyonyesha juu ya kilima, pengine juu ya ghala la chama. Kutoka hapo maji yetu huendelea, mengine kwa njia ya Usangu na mengine kwa njia ya Kilombero, na yote hukutana katika Bonde la Rufiji.

Chukueni basi shimo la mita tatu lililochimbwa katika udongo mwekundu nyuma ya ghala. Katibu atasema: mfinyanzi haupitishi maji, basi dawa imefungwa. Neno hili lina ukweli nusu. Mfinyanzi uliolala bila kuguswa hupitisha maji kwa shida sana. Lakini sisi tumeuchimba, tumeuvunja, na tukaurudisha juu ukiwa mabonge mabonge. Mvua hupenya katika kifuniko hicho kwa urahisi, ikifika chini inakuta kuta zisizopitisha haraka, nayo hujikusanya. Shimo limekuwa beseni. Beseni likijaa hufurika, na maji yaliyolala pamoja na madawa hutokea juu na kuteremka na maji ya mvua hadi kisima cha jirani. Jambo hili si la nadharia. Huko Love Canal, katika jimbo la New York nchini Marekani, kampuni moja ilifukia takriban tani 21,000 za mabaki ya kemikali katika mfereji wa zamani kati ya miaka ya 1942 na 1953, mahali penye mfinyanzi ambao watu waliusifu. Baadaye kifuniko kilivurugwa kwa ujenzi, mvua ikaingia, na ilipofika mwaka 1978 serikali ililazimika kutangaza hali ya hatari na kuwahamisha watu kutoka nyumba zao.

Na yale yasiyofurika hunywea chini. Hapa naomba uvumilivu wenu kwa hesabu kidogo, kwani bila hesabu tutabaki kubishana kwa sauti.

Kitu kilichoyeyuka katika maji ya ardhini huenda kwa namna tatu. Kwanza huchukuliwa na maji yenyewe, kama jani juu ya mto. Pili hutawanyika, kwa sababu njia baina ya chembe hazilingani: tone moja hupita njia nyofu, jingine huzunguka, na ile michirizi huchanganyikana, ndiyo sababu sumu iliyoanza katika shimo la upana wa mita mbili huwa imetanda kama mkia wa moshi ifikapo bondeni. Tatu huenea yenyewe, hata katika maji yaliyotulia, kutoka penye nyingi kwenda penye chache, kama chumvi iliyowekwa chini ya gilasi bila kukorogwa. Namna hii ya tatu ni ya polepole mno: katika mwaka mzima haifiki mbali zaidi ya sentimeta 20 hivi.

Tuchukue mfano. Mwamba uliooza unaoweza kupitisha nusu mita ya maji kwa siku, mteremko wa maji wa mita 2 kwa kila mita 100, na nafasi ya vitundu sehemu moja katika kumi. Ukizidisha na kugawanya unapata kwamba maji yanakwenda sentimeta 10 kwa siku, yaani mita 36 hivi kwa mwaka. Kisima kilicho mita 60 chini ya shimo kitafikiwa katika miezi 20. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo katika kila kijiji. Pengine ni polepole kuliko hivyo mara tano, na penye ufa katika jiwe maji huweza kukimbia mita kadhaa kwa siku moja. Nasema tu kwamba hesabu hii ndiyo aina ya hesabu inayopaswa kufanywa kabla ya mtu kusema kwamba kisima kiko mbali.

Lakini kitu kilichomo ndani ya maji mara nyingi hakiendi kwa mwendo wa maji. Vipo vitu vinavyonata kwenye chembe za udongo, vikaachia, vikanata tena, kama msafiri anayeingia kila nyumba kusalimia. Dawa inayosalimia mara kumi itachukua zaidi ya miaka 16 kufika kisima kile kile. DDT ni hodari wa kunata; kuyeyuka kwake ndani ya maji ni haba kabisa, mikrogramu tano au sita tu kwa lita, na huweza kubaki karibu na shimo kwa miongo. Lindani huyeyuka zaidi yake mara elfu moja na zaidi, kwa hiyo husafiri. Naitreti ya mbolea hainati hata kidogo. Huenda bega kwa bega na maji. (Kwa sababu hiyo mbolea iliyoganda nayo isizikwe. Ipondwe, igawiwe wanachama, itiwe shambani. Kuizika ni kutupa fedha na kuharibu maji kwa kitendo kimoja.)

Hapo ndipo tunapodanganyika. Mtu aweza kuzika mchanganyiko wa madawa, akapima kisima baada ya miaka miwili akitafuta DDT, asiione, akatangaza kwamba maji ni salama, na huku lile lililofika ni jingine ambalo hakulipima. Mfano ulio karibu nasi ni mancozeb, ile poda ya njano tunayonyunyiza kuzuia ukungu wa viazi. Yenyewe huyeyuka kidogo. Lakini ikipata unyevu huvunjika, na katika mavunjiko yake kuna kitu ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi ETU, ambacho huyeyuka katika maji kwa wepesi mkubwa, gramu nyingi kwa lita, na husafiri nayo. ETU imeonekana katika majaribio ya wanyama kwamba huvuruga tezi la shingo. Sisi wa nyanda za juu, ambao uvimbe wa tezi umetusumbua tangu zamani kwa sababu ya uhaba wa madini joto, hatuhitaji msaada wa namna hiyo.

Poda hiyo hiyo yatuleta kwenye jambo la joto, ambalo watu hawalisemi sana. Poda za jamii ya mancozeb, hasa ndugu yake aitwaye maneb, zikirundikwa kwa wingi na kupata unyevu huanza kujipasha moto zenyewe, hata huweza kuwaka. Chokaa isiyozimwa ikikutana na maji huchemka. Kila mwashi ajua. Na takataka zinazooza, makapi, majani na mifuko ya pumba hupanda joto hadi nyuzi 50 au 60, kama ajuavyo kila aliyetia mkono ndani ya lundo la mboji. Basi katibu aliyezika mifuko ya poda, akaongeza takataka za ghala na kumwaga chokaa juu yake, ametengeneza jiko.

Joto hilo lina kazi gani ardhini? Kwanza huharakisha kila kitu: madebe huoza upesi, poda huvunjika upesi, na maji yenye joto la nyuzi 50 ni mepesi kupita katika vitundu karibu mara mbili kuliko yenye nyuzi 20, kwa kuwa yamepungua uzito wa kunatanata. Pili, maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, nayo hutaka kupanda. Penye nafasi ya kutosha huanza mzunguko, ya moto yakipanda katikati na ya baridi yakiingia pembeni, kama sufuria ya maharage, na mzunguko huo huosha madawa usiku na mchana hata kama juu ya ardhi ni kiangazi. Katika mfinyanzi mzito mzunguko huo ni dhaifu. Penye changarawe ni mkubwa.

Na joto husafiri kwa desturi yake. Sumu haina budi kupita katika vitundu vya maji, lakini joto hupita hata ndani ya jiwe. Ndiyo maana katika maji yaliyotulia joto huenea mita tano au sita kwa mwaka, wakati dawa, kama nilivyosema, haifiki sentimeta 20. Maji yakianza kutembea mambo hugeuka. Joto linalochukuliwa na maji hulazimika kupasha kila jiwe linalopita, na mawe ni mengi. Kwa hiyo katika mfano wetu wa mita 36 kwa mwaka, joto lingesogea mita sita hivi tu, huku naitreti imekwisha kutangulia. Faida ya kujua hili ni ndogo lakini ni ya kweli: maji ya kisima hayapishani mbali na wastani wa joto la hewa la mwaka, na kisima kilicho chini ya shimo kikionekana kuwa na uvuguvugu usio wa kawaida, ni dalili mbaya. Ila kukosekana kwa uvuguvugu si hati ya usalama, maana sumu hutangulia na joto hupotea njiani.

Ziko nchi zenye taka ambazo joto lake ndilo jambo kuu, yaani taka za vinu vya nyuklia. Finland imechimba mahandaki katika jiwe zima huko Olkiluoto, zaidi ya mita 400 chini ya ardhi, ambako mitungi ya shaba imekusudiwa kuzungushiwa mfinyanzi maalumu, na hesabu yote ikapangwa ili mfinyanzi huo usifike nyuzi 100 ukaharibika. Na hapa Afrika, huko Oklo nchini Gabon, wataalamu wa Ufaransa waligundua mwaka 1972 kwamba madini ya urani yaliwahi kuwaka yenyewe ardhini kama kinu, miaka karibu bilioni mbili iliyopita, yakisaidiwa na maji ya ardhini. Sehemu kubwa ya mabaki mazito ilibaki mita chache kutoka hapo. Mengine, yale mepesi ya kuyeyuka na yale ya gesi, yaliondoka. Nalitaja kwa sababu wako wanaosema: tazama Oklo, ardhi imehifadhi. Ardhi ilihifadhi kile kilichonata, na kile kisichonata ikakiachia. Wafini wametumia miongo ya utafiti kabla ya kuthubutu kuzika, nasi twataka kumaliza kazi hiyo Jumamosi moja kwa majembe manne.

Sasa niwaeleze yaliyotokea nchini kwetu. Katika Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani, kuna shamba liitwalo Vikuge. Mwaka 1986 yaliletwa huko madawa mengi kama msaada kutoka Ugiriki, mengine yakiwa yamekwisha muda. Yaliwekwa katika banda, na banda likaanguka. Baada ya miaka mabaki yaliyoonekana yaliondolewa, na mtu angeweza kudhani kwamba habari imekwisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walikwenda kupima, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004. Katika udongo wa juu walikuta DDT na mavunjiko yake hadi asilimia 28. Tafakarini: kilo moja ya udongo, zaidi ya robo yake ni sumu. Walikuta pia jamii ya lindani hadi asilimia 6, na mabaki yaliendelea hadi kina cha nusu mita, ambacho ndicho kina walichochimba. Katika maji, yakiwemo ya visima, walikuta hadi mikrogramu 30 za madawa ya jamii hiyo kwa lita. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa mikrogramu 1 kwa DDT katika maji ya kunywa, na 2 kwa lindani. Uamuzi wao ulikuwa kwamba udongo uliobaki wenyewe ni taka ya hatari, hata baada ya kuondolewa kwa kila kilichoonekana kwa macho. Wengine waliopima baadaye huko Vikuge na katika ghala la zamani la Korogwe, miaka mingi baada ya usafishaji, waliyakuta mabaki yangalipo.

Mwenye akili atauliza: umesema DDT hunata wala haiyeyuki, imefikaje kwenye maji? Swali ni zuri. Madawa hayazikwi yakiwa safi. Mengi yamechanganywa na mafuta, na mafuta hubeba kile ambacho maji hayawezi kubeba. Tena DDT hupanda juu ya chembe za udongo kama abiria, na mvua kubwa ikibeba udongo huo juu ya ardhi huumwaga katika kila kisima kisicho na ukingo. Nimeviona visima vingi vya namna hiyo katika vijiji vyetu, mdomo wake umelingana na ardhi. Kwa kisima kama hicho sumu haina haja ya kupita chini, yaingia mlangoni.

Na Vikuge banda lilikuwa juu ya ardhi, watu waliliona, na wataalamu walijua mahali pa kupima. Shimo lililofukiwa nyuma ya ghala la chama laweza kusahauliwa katika muda wa makatibu wawili tu. Wa tatu ataomba kuchimba kisima hapo hapo, kwa kuwa pana uwazi.

Tufanye nini basi? Madawa yaliyomo ghalani yabaki juu ya ardhi, chini ya paa, juu ya sakafu ya saruji yenye kizingiti, mbali na mbolea, mbegu na chakula. Mifuko iliyopasuka itiwe ndani ya mapipa mazima. Poda za viazi ziwe pakavu, na zisirundikwe kwa wingi mahali pamoja. Katibu aandike orodha: jina la dawa kama lajulikana, kiasi, hali ya chombo, na tarehe, na pale jina lisipojulikana aandike hivyo hivyo, wala asibuni. Orodha moja iende kwa Chama Kikuu, moja kwa Afisa Kilimo, na moja kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo tangu sheria ya mwaka 2020 ndiyo yenye dhamana ya madawa haya. Ndugu mkaguzi naye ataridhika na orodha kuliko anavyoridhika na shimo. Najua kwamba kungojea kuchukuliwa kwa madawa kwaweza kuwa kwa muda mrefu, na sitawadanganya kwamba lori litakuja mwezi ujao. Ethiopia ilianza kupeleka zaidi ya tani 1,000 za madawa ya namna hii nchini Finland yakachomwe katika vinu maalumu mwaka wa 2000, na kazi hiyo ilichukua miaka. Lakini walioweza kupeleka ni wale waliokuwa nayo juu ya ardhi, yamehesabiwa. Pipa moja likishazikwa na kutoboka, huwa ni malori mengi ya udongo, na hakuna atakayeyalipia.

Kwa vyama ambavyo vimekwisha kuzika zamani, na vipo, nasema msifukue. Kufukua bila vifaa ni kumpa kijana wa kibarua sumu mkononi na puani. Pigeni uzio, wekeni alama, chimbeni mfereji upande wa juu ili maji ya mvua yasiingie, ongezeni udongo ulioshindiliwa uwe na mgongo, msipande chakula hapo wala kufunga ng'ombe. Kisha tazameni mteremko: visima na chemchemi zilizo upande wa chini, pamoja na vinyungu, viorodheshwe, na maji yapelekwe kupimwa kwa kupitia Ofisi ya Bonde la Rufiji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto au ziwa. Mmeona katika mfano wetu kwamba kwa shimo la sumu mita 60 si nyingi.

Naongeza jambo moja la biashara, kwa kuwa wajumbe wengine wamenyamaza tangu nianze. Parachichi za Njombe huuzwa Ulaya, ambako mnunuzi hupima mabaki ya madawa katika tunda. Mkulima akimwagilia miche yake kwa maji ya bonde lililo chini ya shimo la chama, hawezi kueleza kwenye maabara ya huko kwamba yeye hakunyunyiza. Tunda litakataliwa, na pamoja nalo jina la chama chote.

Ndugu Mwenyekiti, nakomea hapo ili nipate kujibu maswali.

MASWALI

Mjumbe mmoja aliuliza: Ikiwa kuzika ni kubaya, kwa nini tusichome?

Jibu: Moto wa kuni hautoshi. Madawa yenye klorini yanahitaji tanuru la nyuzi zaidi ya 1,100, na moshi uzuiwe humo kwa muda wa kutosha. Chini ya hapo hutoka moshi wenye sumu mpya, nyingine mbaya kuliko dawa yenyewe, nayo huangukia majani ya ng'ombe.

Mama mjumbe kutoka chama cha jirani aliuliza: Katika kinyungu chetu kuna utando kama mafuta juu ya maji, tena maji yana wekundu wa kutu. Je, ni dawa?

Jibu: Mama, chukua kijiti uguse utando huo. Ukivunjika vipande vipande kama barafu nyembamba, ni kazi ya vijidudu vya chuma, jambo la kawaida katika mabonde yetu. Ukifunguka na kujiunga tena, ni mafuta, na hapo toa taarifa upesi. Lakini nikuambie pia kwamba takataka zinazooza ardhini humaliza hewa katika maji, na maji yasiyo na hewa huyeyusha chuma kwa wingi. Basi kama wekundu huo haukuwapo zamani na umeanza miaka ya karibuni, uliza nini kimezikwa juu yako.

Katibu mmoja aliuliza: Madebe matupu tuyafanye nini? Watu huyataka kwa ajili ya maji na ulanzi.

Jibu: Deba likisuuzwa mara tatu, na maji ya kusuuzia yakarudishwa katika bomba la kunyunyizia na kutumika shambani, sehemu kubwa ya dawa huwa imetoka. Lakini halijawa safi kwa kinywa. Litobolewe palepale mbele ya mwenye nalo, ndipo lihifadhiwe mpaka likusanywe. Lisipotobolewa litaonekana kilabuni Jumapili.

Mzee mjumbe wa Halmashauri aliuliza: Ikiwa kisima kitaonekana kina sumu, ni nani atakayechimba kingine? Chama ndicho kilichozika, lakini waliozika wamekwisha kufa, na wanywao ni kijiji kizima, hata wasio wanachama.

Jibu: Mzee, mimi naweza kukuonyesha pa kuchimba, upande wa juu wa shimo na mbali nalo. Juu ya nani alipe, sheria yetu ya mazingira yafuata kanuni kwamba mchafuzi ndiye mlipaji, na chama ni mtu yule yule hata makatibu wakibadilika. Mkutano mkuu waweza kutenga sehemu ya ziada ya mwaka, na kijiji kikatoa nguvu kazi. Hilo si la mgeni kuamua.

Mwenyekiti aliagiza swali hilo liingizwe katika ajenda ya mkutano mkuu ujao wa kila chama, na kila katibu aje na orodha ya madawa pamoja na mchoro wa ghala, visima na mteremko.